Maziwa ya Linah na Jicho la Jepkorir

Kama ungetaka kumuudhi Linah, usingehangaika kumtukania ukoo. Ungesema tu kwamba mursik yake, yale maziwa ya kugandisha kibuyuni, ina harufu, na hapo ungekuwa umekipata ulichokitafuta. Mwanamke huyo mfupi, mwenye mikono minene na leso mbili kiunoni jua liwake au mvua inyeshe, angeweka kikombe chini, akupime kwa macho kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha akusomee maisha ya kibuyu chake tangu kilipokuwa kwenye mmea wake shambani hadi kilipofika mezani pake. Wateja wake pale sokoni Kitale walilijua hilo. Wengine walimchokoza makusudi ili wapate hotuba pamoja na maziwa.

Alizaliwa Kapsokwony, kule juu ambako pikipiki hupanda milima zikilia kwa uchungu. Akaolewa Kiminini, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume mapema, akabaki na kiploti na ng'ombe wawili. Watu wa kanisa walimshauri aolewe tena. Yeye akawajibu kwamba ng'ombe wawili wanamtosha, kwa sababu hawamwulizi alikuwa wapi. Maisha yake yakawa hayo: kukamua, kuchemsha, kubeba vibuyu hadi Kitale, kuuza kikombe kikombe, kurudi.

Kazi yake haikuwa ya kuchezea. Unachukua kijiti cha mti wa senetwet, unakichoma mpaka ncha yake iwe kaa jekundu, unakiingiza ndani ya kibuyu na kusugua, unasugua tena, mpaka tumbo lote la kibuyu linakuwa jeusi. Ndipo unamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, unafunika, unayaacha siku kadhaa yagande, yachukue rangi ya majivu na ladha ya nyumbani. Hiyo ndiyo mursik. Asiyeijua huona vijipunje vyeusi akadhani ni uchafu. Anayeijua hulamba kikombe. Chema chajiuza, Linah alipenda kusema, na kweli hakuwahi kumwita mteja hata siku moja.

Binti yake aliitwa Jepkorir. Alimfuata baba yake kwa urefu, na mama yake kwa kununa haraka na kucheka haraka. Alifuma sweta za shule kwa mashine katika karakana moja mjini, na hiyo ni kazi ya macho. Ukiruka uzi mmoja, sweta nzima inakwenda upande. Ndoto yake ilikuwa siku moja kuwa na mashine yake mwenyewe, pale Kiminini karibu na stendi, na jina lake juu ya mlango. Linah alishaichagua hata rangi ya mlango.

Kisha ukaja mwaka ule wa mswada wa fedha, ule wa kuongeza kodi, vijana wa nchi nzima wakatoka barabarani na simu mkononi. Kitale nayo haikutaka kuachwa nyuma. Asubuhi hiyo Jepkorir alipitia sokoni, bendera ndogo ameifunga kichwani.

"Mama, leo tunatoka."

"Mnatoka mnaenda wapi?"

"Tunatoka tu, kuandamana. Ni ya amani bana, hakuna mtu atarusha mawe."

Linah hakumkataza, na usimlaumu kwa hilo. Mama huyu alikuwa ameona mambo. Miaka ile ya vurugu za mlimani, alikuwa amekwenda kwao Kapsokwony kumwangalia mama yake mgonjwa, akajikuta anateremka mlima mbio huku akimvuta Jepkorir kwa mkono, nyuma yao milio ambayo haikuwa ya radi. Mtu aliyekimbia risasi hatishwi na moshi.

"Wakitupa moshi, rudi kwangu," alimwambia. "Moshi si risasi. Inawasha, inaisha."

Jirani yake wa meza, Edinah, mama wa Ndalu aliyeuza ndizi na njugu, alicheka. Kwa Edinah herufi l na r zilipokezana zamu, na hakuna aliyejali.

"Wacha aende, Rinah. Sisi turiogopa miaka yote, na tumepata nini?"

Basi akaenda. Walipita barabara kuu wakiimba, wakipiga filimbi, wakipigana picha. Wenye maduka wengine walifunga, wengine walisimama mlangoni wakipiga makofi. Polisi walikuwa wamejipanga karibu na soko, ngao mbele, na mkubwa wao akatangaza kwa kipaza sauti kwamba watu wasiwe na wasiwasi, hawakuja na risasi za moto, wamekuja na vifaa visivyoua. Visivyoua! Wenye serikali wana maneno matamu kweli. Rungu haliui, maji ya kuwasha hayaui, risasi ya mpira haiui, na wewe ambaye hukufa unatakiwa kwenda nyumbani ukashukuru Mungu.

Kitoa machozi hurushwa juu. Kopo hupanda, huanguka, hutoa moshi, watu hutawanyika. Hivyo ndivyo askari wanavyofundishwa, na hivyo ndivyo wanavyoapa baadaye kwamba walifanya. Lakini askari mmoja, ambaye tulikuja kumjua kwa jina la Koplo Kimaiyo, aliuweka mtutu wake usawa wa vichwa vya watu. Watu wengi walimwona. Kopo halikupanda popote. Lilikwenda moja kwa moja kama jiwe la manati, likampiga Jepkorir juu kidogo ya jicho la kushoto, likachana ngozi na kulikwaruza jicho lenyewe, kisha likaanguka miguuni pake na kuanza kumfukizia usoni.

Alirudi kwa mama yake kama alivyoagizwa. Alikuja akipapasa meza za watu, damu na machozi na kamasi vikimshuka hadi kifuani, akipiga kelele, "Mama! Macho! Maji, mama, maji!"

Maji hayakuwapo. Mtungi wa Edinah ulikuwa umepinduliwa na waliokuwa wakikimbia, na bomba la soko lilikuwa kavu tangu juzi. Vijana waliojikunyata chini ya meza walikuwa wakikohoa na kupaza sauti, "Maziwa! Mwekee maziwa!" maana simu zao zilikuwa zimewafundisha hivyo, kwamba ukiwashwa na gesi ujimwagie maziwa.

Na Linah hakuhitaji simu kumfundisha. Kwao, mtoto akiamka na macho yaliyogandana, bibi humlaza chini ya kiwele cha ng'ombe na kumkamulia maziwa tone moja moja ndani ya jicho, ya moto kutoka kwenye chuchu. Yeye mwenyewe alifanyiwa hivyo. Jepkorir alifanyiwa hivyo alipokuwa mchanga. Kwa mara moja duniani, bibi wa mlimani na kijana wa simu walikuwa wanasema neno moja. Linah hakusita. Maziwa mabichi hakuwa nayo, hakuwa akiyauza kamwe. Alichukua kibuyu cha mwisho, akamlaza binti yake mapajani, akamfunua jicho kwa vidole, akammiminia mursik.

"Aah, mama," Jepkorir akasema, mwili ukilegea. "Imepoa. Imepoa, mama."

Ukitaka kujua lini Linah alifurahi mara ya mwisho, ilikuwa hapo. Moshi umetanda, soko limevurugika, na yeye ameketi chini na kibuyu chake kama daktari. Vijana wengine walitambaa hadi kwake wakiinua nyuso, akawaosha wote mpaka kibuyu kikaisha. Hakuna hata mmoja wao aliyedhurika. Mmoja alirudi wiki iliyofuata kumshukuru, akanunua vikombe viwili. Lakini macho yao hayakuwa yamechanwa na kopo.

Usiku huo jicho la Jepkorir lilivimba. Asubuhi hospitali ya mjini ilikuwa imejaa watu waliovunjika mikono na waliopigwa migongo. Walimfunga kidonda, wakampa dawa ya matone, wakawaambia wamfikishe kwa daktari wa macho upande wa Bungoma. Barabara ya kuelekea Webuye ilikuwa imefungwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Ilipofunguliwa, Jepkorir alikuwa na homa, na uso wake upande mmoja ulikuwa umeumuka kama mandazi.

Daktari wa macho aliitwa Kizito, kijana mpole aliyekuwa na uchovu wa wiki nzima usoni. Alimlaza Jepkorir, akamtia dawa ya ganzi, akaanza kumsafisha. Linah alisimama kando. Pamba ya kwanza ilitoka na usaha. Ya pili ilitoka na usaha na punje ndogo nyeusi. Daktari akaishika chini ya taa.

"Mama, mlimwosha na nini?"

"Maziwa."

"Maziwa si dawa, mama. Afadhali mngetafuta maji safi." Aliigeuza ile pamba. "Na hii nyeusi? Itakuwa masizi ya matairi, eh? Nimeyaona kwa wengi wiki hii."

Linah aliitazama pamba. Masizi ya tairi hunata kama grisi. Hizi zilikuwa punje kavu, nyepesi, na yeye alizijua kama anavyojua meno ya binti yake. Zilikuwa zake. Alizisugua kwa mkono wake mwenyewe ndani ya kibuyu.

"Matairi yaliwaka," akasema.

Na ilikuwa kweli, matairi yaliwaka. Hakusema uongo hata nusu neno.  Daktari alieleza kwamba uchafu umeingia ndani ya jeraha, umeliozesha jicho, na kama halitatolewa uozo huo utapanda hadi kichwani. Wakalitoa. Kope za upande wa kushoto zikashonwa.

Ninyi mliozoea kuona watu wakipoteza kitu na kuendelea, mngemsifu Jepkorir mwanzoni. Alirudi karakana. Mwenye karakana, mtu mwema, alimrudisha kwenye mashine yake, na sweta zikaanza kutoka mabega mawili yasiyolingana. Akahamishiwa kukunja na kufunga. Akaanza kugonga vikombe vya chai vya wenzake vilivyokuwa upande asiouona, akiomba msamaha kutwa nzima, mpaka siku moja akaja nyumbani mchana na hakurudi tena. Kanisani walipiga magoti wakamwombea. "Heri kufa macho kuliko kufa moyo," mama mmoja akamwambia, akimpapasa bega.

"Huyo mama na macho yake mbili, si atoe moja basi," Jepkorir alimwambia Linah walipokuwa wakirudi. Hakucheka alipolisema.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo bado lilimpa uhai, nalo lilikuwa hadithi ya maziwa. Aliwasimulia wageni, akawasimulia wanakwaya, akasimama hata kutoa ushuhuda: jinsi dunia ilivyogeuka giza, jinsi alivyodhani anakufa, na jinsi mama yake alivyomwosha kwa maziwa akasikia baridi ikiingia hadi kisogoni. "Polisi walinitoa jicho," alikuwa akisema, "lakini mama alinirudishia pumzi." Watu wakasema amina. Linah aliketi kwenye kiti chake cha nyuma, leso mdomoni, akitamani sakafu ipasuke.

Kwa nini hakumwambia? Nimewasikia watu wakimhukumu, na wengi wao hawajawahi kulea mtoto. Alijaribu. Aliliandaa neno hilo jikoni, akalipeleka hadi mlangoni, akalirudisha. Alianza kuchuja mursik yake kwa kitambaa, na wateja wakalalamika kwamba imekuwa nyeupe, haina nyumbani ndani yake, naye hakuwapa hotuba yoyote. Usiku alijiuliza: bila kopo kungekuwa na jeraha? Hapana. Bila mkaa jicho lingepona? Huenda. Hilo "huenda" lilimla polepole kama mchwa anavyokula mlango, kwa ndani.

Ndipo akatokea wakili Wakhungu, wa Bungoma, aliyekuwa akiwatetea waliojeruhiwa bila kuwadai chochote. Alikuja hadi Kiminini, akaketi kwenye kigoda, akanywa mursik vikombe vitatu. Tume ya malalamiko dhidi ya polisi ingekaa Bungoma kuwasikiliza watu wa kaunti zile, akasema, na kesi ya Jepkorir ndiyo iliyokuwa na miguu ya kusimamia kuliko zote. Mashahidi walimwona koplo. Kopo lilipatikana. Daktari yuko tayari kusema kwamba kidonda kilikuwa na masizi ya barabarani.

"Yaani kila kitu kiliingia kwa hiyo jicho kililetwa na kopo yao," Wakhungu alisema. "Hawana pa kutokea."

"Mimi sitaki pesa yao," Jepkorir akamwambia. "Nataka tu waseme ni wao. Mtu asimame aseme, 'Ni sisi.' Nikisikia hiyo, nitalala."

Linah alimsindikiza wakili hadi barabarani. Walipofika kwenye ua wa mwisho akasimama.

"Wakili, na kama ingekuwa kitu ingine ndiyo iliingia? Si ya barabara?"

Wakhungu alisogea karibu. Alikuwa ameanza kazi hiyo zamani. "Mama," akasema taratibu, "hiyo ni kitu nataka kujua, ama ni kitu sitaki kujua?"

"Ni kuuliza tu," Linah akasema.

"Basi ukiitwa, jibu tu chenye umeulizwa. Usiongeze chumvi."

Mficha maradhi kifo humwumbua. Linah alilijua hilo tangu shule ya msingi, na akaondoka akijiambia kwamba haya si maradhi, haya ni ya mtoto wake, na mtoto wake amesema atalala.

Kikao kilifanyika Bungoma katika ukumbi wa kanisa uliokodishwa, viti vya plastiki vimepangwa, mabango ya harusi ya Jumamosi bado yananing'inia ukutani. Mwenyekiti wa tume alikuwa mzee wa miwani. Wakili wa polisi alikuwa mama mmoja wa sauti laini, mwenye tabasamu la mwalimu wa chekechea. Koplo Kimaiyo alikaa safu ya mbele, amenyoa vizuri, mikono magotini.

Jepkorir alisimama wa kwanza. Alisema yote bila kutetemeka. Wakili wa polisi alimpa pole, tena kwa dhati, halafu akamwuliza swali moja tu.

"Baada ya tukio, msichana wangu, nani alikuhudumia?"

"Mama yangu." Uso wa Jepkorir ulifunguka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Aliniosha na maziwa. Kama si yeye, hata sijui."

"Maziwa," yule wakili akarudia, akaandika. "Asante. Kaa."

Linah alipoitwa aliapa kwa Biblia. Alieleza alichokiona. Aliulizwa kama alimwosha binti yake kwa maziwa, akasema ndiyo. Wakhungu alimtazama kwa macho ya kumwambia, hapo hapo, simama hapo. Angesimama hapo, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini yule mama wa sauti laini hakuwa mjinga, na nadhani kuna mtu wa Kitale aliyekuwa amemnong'oneza kuhusu Linah.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, hamtazami hata Linah, "tunaongea juu ya maziwa ya kuuzwa kando ya barabara. Maziwa machafu. Yaliyooza. Ya kukaa kwa chombo kisichooshwa, yakipigwa na jua na nzi."

 Kisha Linah akasikia sauti yake mwenyewe.

"Maziwa yangu si chafu."

"Mama," Wakhungu akasema.

"Hapana, wacha niseme. Mimi nauza Kitale miaka yote hii, hakuna mtoto wa mtu ameumwa tumbo. Ati kibuyu haioshwi? Kibuyu yangu naosha na maji moto, nasugua na ufagio yake, naanika. Halafu nachoma senetwet. Si mti yoyote, ni senetwet. Nasugua ndani mpaka inakuwa nyeusi kabisa, hiyo makaa ndiyo inafanya maziwa isioze. Nzi haiwezi kuingia. Inakaa wiki, na ukifungua inanukia vizuri. Uliza mtu yeyote. Uliza huyu wakili, alikunywa vikombe tatu!"

Alisimama pale, kidevu juu, akihema, mwanamke aliyetetea kazi ya mikono yake mbele ya wakubwa. Kwa pumzi moja au mbili alikuwa Linah wa zamani. Kisha akawatazama mawakili. Wakhungu alikuwa ameinamisha kichwa, vidole kwenye paji la uso. Yule mama alikuwa akitabasamu bila kuonyesha meno.

"Kwa hivyo ndani ya hayo maziwa," akauliza polepole, "huwa kuna makaa?"

Ulimi hauna mfupa, na ukishateleza haurudi.

"Iko," Linah akasema.

"Na hayo ndiyo ulimwaga ndani ya jicho lililokuwa na kidonda."

Linah aligeuka kumtafuta binti yake. Jepkorir alikuwa amekaa wima sana, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Ndiyo," akasema.

Wakamwita daktari. Kizito, maskini, alikuwa mkweli. Aliulizwa kama zile punje zingeweza kuwa za makaa ya kuni badala ya matairi, akafikiri, akasema zingeweza. Aliulizwa kama bila hizo jicho lingepona. "Huenda," akasema. Mwenyekiti akamwuliza kama huenda maana yake ni ndiyo. "Huenda ni huenda," daktari akajibu, lakini kalamu za mezani zilikuwa zimeshakimbia. Wakhungu aliinuka akauliza kwa sauti kubwa: je, bila kopo kumpiga usoni, kungekuwa na kidonda cha kuoshwa? "Hakungekuwa," daktari akasema. Watu walisikia. Lakini ukumbi ulikuwa umeshapata hadithi tamu zaidi, ya mama aliyemtia mwanawe makaa jichoni, na hadithi ya askari aliyelenga kichwa cha msichana asiye na jiwe mkononi ikawa ya kawaida, ya kila siku, isiyomshangaza mtu.

Tume ilikwenda kunywa chai. Iliporudi, mwenyekiti alisoma bila kuinua uso. Polisi walitumia kifaa kisichoua, kwa kadiri ya hali ilivyokuwa. Mlalamishi alipata jeraha la kiasi. Hasara ya kudumu ya jicho ilitokana na tiba ya kienyeji aliyopewa na mzazi wake. Tume inawasihi wananchi wawapeleke majeruhi hospitalini. Tume inampa mlalamishi pole.

Hakuna aliyesema, "Ni sisi." Walisema ni mama yako.

Nje kulikuwa na benchi karibu na geti. Wakhungu alikuwa bado ndani akigombana na watu, akidai rufaa ambayo hata yeye hakuiamini. Linah alikaa. Jepkorir akaja akakaa kushoto kwake, akimwona vizuri kwa jicho lake la kulia, mikono ameiweka mapajani.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kwa daktari. Niliona kwa pamba."

"Na nikisimama kanisa nikikusifu, ulikuwa unakaa tu."

 Kivuli kikawaangukia. Ni Koplo Kimaiyo. Alikuwa ameshabadilisha nguo, amevaa koti la kawaida, na kofia ameishika mkononi. Alimwamkia Linah kwa lugha ya kwao, kwa ile heshima ya mtoto kwa mama, akainama kidogo.

"Pole, mama," akasema, na nadhani alimaanisha, ndiyo maana inauma. "Usijilaumu sana. Hata mama yangu angefanya hivyo. Sisi hatuna kinyongo na wewe."

Na Linah, aliyelelewa kwamba mtu akikupa pole unaipokea, alikuwa ameshafungua mdomo kabla hajafikiri.

"Asante, mwanangu," akasema.

Koplo alivaa kofia yake akaenda zake, hatua nyepesi za mtu aliyemaliza kazi.

Jepkorir aliinuka. Linah alidhani anaondoka, akanyoosha mkono. Lakini msichana hakwenda mbali. Aliizunguka ile benchi, akakaa tena upande wa pili, kulia kwa mama yake, uso mbele, ili mama yake awe upande wake wa kushoto, ule usio na jicho. Linah akamwita kwa jina. Akamwita tena kwa jina la utotoni, lile ambalo hakuna mwingine duniani aliyelijua. Alichokiona ni zile kope zilizoshonwa, na hazikugeuka.